Mkurugenzi wa kiwanda ni mtu wa nani?

Kila mwaka ifikapo Oktoba, neno moja hutawala mazungumzo katika vilima vya Kisii na Nyamira, iwe ni sokoni, kanisani au katika vyumba vya walimu. Neno lenyewe ni bonasi. Mkulima wa majanichai, ambaye mwezi baada ya mwezi amekuwa akilipwa kiasi kidogo kwa kila kilo, huyangoja malipo haya ya mwisho wa mwaka ili alipe karo, akarabati nyumba au apunguze deni la dukani. Na karibu kila mwaka malalamiko huwa ni yale yale: kwamba bonasi ya Gusii ni ndogo mno ikilinganishwa na ile wanayopata wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa.

Baadhi ya sababu za tofauti hiyo ni za maumbile na za kibiashara. Udongo na mwinuko wa nchi hutofautiana, uchumaji hutofautiana, na bei katika mnada wa Mombasa hufuata ubora wa chai yenyewe. Hata hivyo, mkulima akisha kuyasikiliza maelezo hayo yote, hubakia na swali ambalo mtaalamu wa udongo hawezi kumjibu. Je, wale waliokabidhiwa kiwanda chake wanakisimamia kwa manufaa yake? Na kama sivyo, ni nani wa kuwawajibisha?

Swali hilo ndilo kiini cha kile ambacho wasomi wa biashara hukiita usimamizi wa kampuni, yaani jumla ya kanuni na desturi zinazoamua ni nani ateue wakurugenzi, ni nani awakague, na ni nani awaondoe wakikosea. Maoni yangu ni kuwa, katika nchi zinazoinukia kiuchumi kama yetu, jawabu haliko katika vitabu vya sheria peke yake. Liko pia katika ukoo, kanisa, shule na chama cha akina mama. Taasisi hizi za jamii zimekuwamo ndani ya vyumba vya bodi tangu mwanzo, ijapokuwa hazina kiti rasmi. Suala la busara basi si jinsi ya kuzifukuza, bali ni jinsi ya kuzipa kazi inayozifaa.

Sheria iliyoshonewa mwingine

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Makampuni iliyotumika Kenya kwa zaidi ya nusu karne, yaani Sura ya 486, iliigwa kutoka kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1948. Ilidumu mpaka Bunge lilipopitisha sheria mpya mwaka 2015. Kanuni za uadilifu wa wakurugenzi nazo zina asili ya mbali. Uingereza ilitoa ripoti ya Cadbury mwaka 1992, Afrika Kusini ikafuata na ripoti ya King mwaka 1994, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya Kenya ikachapisha mwongozo wake mwaka 2002, kisha kanuni mpya mwaka 2015.

Hakuna ubaya wa kuazima nguo, mradi aliyeazima aipime mwilini. Ripoti ya Cadbury ilizaliwa na kashfa za kifedha zilizoitikisa nchi yake, na aliyefikiriwa hasa na waandishi wake ni mwenye hisa wa London. Mtu huyo hawajui wakurugenzi wake. Hakuoa kwao, hasali nao, wala hawazikani. Asiporidhika na mwenendo wa kampuni, anaweza kuuza hisa zake asubuhi na kununua za kampuni nyingine kabla ya jua kutua. Hofu ya wakurugenzi kwamba wenye hisa watauza ndiyo fimbo mojawapo inayowachunga.

Mkulima wa Nyamache au Kebirigo hana fimbo hiyo. Hisa yake imefungamana na michai iliyo shambani, na mchai ni mti wa miongo mingi. Haung'olewi leo ukapandwa mwingine kesho. Mkurugenzi wake si jina tu katika ripoti ya mwaka. Huenda ni binamuye, mzee wa kanisa lake, au mwalimu aliyemfundisha hesabu darasani. Mwanauchumi Albert Hirschman, katika kitabu alichokitoa mwaka 1970, alieleza kuwa mwanachama wa taasisi inayodorora ana njia mbili: kuondoka au kupaza sauti. Uaminifu wake kwa taasisi hiyo ndio unaoamua aifuate ipi na kwa muda gani.

Mizani hiyo ikitumiwa Gusii, mambo hudhihirika. Kuondoka ni kuwauzia majani wachuuzi wanaopita na malori wakilipa taslimu, au kung'oa michai na kupanda ndizi na mahindi. Njia zote mbili zina hasara. Kupaza sauti kungekuwa ndiyo njia bora, lakini sauti ya mkulima hupita katika vichujio vingi kabla ya kuifikia bodi, na vichujio hivyo ndivyo taasisi za jamii ninazozizungumzia.

Jiografia ni nasaba

Halmashauri ya Ustawi wa Majanichai nchini, KTDA, iliundwa mwaka 1964 kama shirika la serikali, ikirithi kazi ya halmashauri ya mazao maalumu iliyoanzishwa mwaka 1960. Mwaka 2000 ilibinafsishwa, na viwanda vikawa kampuni zinazomilikiwa na wakulima wenyewe. Katika Nyamira kuna viwanda kama Nyankoba, Kebirigo, Sanganyi, Tombe na Gianchore; katika Kisii kuna Nyamache, Itumbe, Kiamokama, Ogembo na Eberege, pamoja na vingine. Kila kiwanda ni kampuni yenye bodi yake. Eneo la kiwanda hugawanywa katika sehemu za uchaguzi, na kila sehemu humchagua mkurugenzi wake.

Kwenye karatasi, mgawanyo huo ni wa kijiografia. Katika Gusii, jiografia ni nasaba. Angalia majina ya maeneo bunge: Kitutu, Nyaribari, Bobasi, Bomachoge, Bonchari, Mugirango. Hayo ni majina ya koo kubwa za Abagusii kabla hayajawa majina ya mahali. Ukishuka chini zaidi, kila kilima kina mbari iliyokikalia tangu enzi za mababu, na mpaka wa kijiji aghalabu ni mpaka wa ukoo. Kwa hiyo sehemu ya uchaguzi inapochorwa kuzunguka vituo kadhaa vya kununulia majani, huwa imechorwa pia kuzunguka koo. Anayegombea ukurugenzi hujikuta akihesabu mbari kabla ya kuhesabu sera.

Wapiga kura wana hoja yao, na si hoja ya kijinga. Wahenga walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mkulima ambaye hawezi kuisoma taarifa ya hesabu ya kurasa sitini, iliyoandikwa kwa lugha ya kigeni, hutafuta dhamana nyingine. Anamjua babaye mgombea, anajua jinsi alivyolilea boma lake, anajua kama hulipa madeni. Ujuzi huo una thamani. Kampuni kubwa za miji mikuu hulipa fedha nyingi kuwachunguza watu wanaotaka kuwaajiri, ilhali mkulima wa Gusii ana habari hizo bure.

Lakini methali ile ile inakiri kwamba zimwi litakula. Tatizo huanza siku ya pili baada ya uchaguzi. Mkurugenzi aliyepanda kwa kura za ukoo hudaiwa na ukoo. Ataombwa kazi ya kijana kiwandani, zabuni ya kuni za tanuri, nafasi ya lori la kubebea majani. Akikataa, ataitwa msaliti. Akikubali, gharama itaingizwa katika hesabu za kiwanda na kulipwa na wakulima wote. Na kwa kuwa kila mkurugenzi wa bodi ana ukoo wake unaomngoja nyumbani, ni rahisi sana kwa wajumbe wote kuafikiana kwamba hakuna atakayeuliza kuhusu sehemu ya mwenzake.

Hapo ndipo jambo la kifedha hugeuka kuwa jambo la damu. Mkulima anayeuliza ni kwa nini bei ya kuni imepanda huambiwa anauchukia ukoo fulani. Swali halijibiwi, muulizaji ndiye anayejadiliwa. Nimeyasikia mabishano ya namna hii mara nyingi, na kila mara hesabu zilikuwa zimesahaulika kabla ya nusu ya kwanza ya mazungumzo kwisha.

Sheria imejaribu kulitatua tatizo hili kwa kubadilisha kura. Baada ya Sheria ya Chai ya mwaka 2020, mvutano mkubwa ulizuka kuhusu uchaguzi wa wakurugenzi: je, kila mkulima awe na kura moja, au kura zilingane na hisa? Mvutano huo ulifika hadi mahakamani. Ni jambo zito, kwa sababu kura za hisa humpendelea mwenye shamba kubwa. Lakini tusijidanganye. Kura ya kila kichwa nayo humpendelea mwenye ukoo mkubwa. Mtindo wowote utakaotumiwa, utaamua tu ni nani aingie bodini. Hautaamua atoe hesabu kwa nani akiwa humo.

Baba alikuwa mdhamini

Wapo wanaosema kwamba dawa ni kuzifuta desturi hizi na kuleta wataalamu wasio na ndugu eneo hilo. Hoja hiyo ina mvuto, na ni kweli kwamba kiwanda kinamhitaji mhasibu na mhandisi aliyehitimu, atoke atokako. Lakini inafikiri kwamba desturi ni upendeleo tu. La hasha! Katika desturi za Abagusii mna kanuni za udhamini zilizo kali kuliko baadhi ya kanuni zilizochapishwa Nairobi.

Chukua mfano wa boma la mume mwenye wake kadhaa. Kila mke alikuwa na nyumba yake, enyomba, yenye mashamba yake na ghala lake. Mume naye aliweza kuwa na shamba lake la kando lililoitwa emonga. Mavuno ya emonga yalikuwa chini ya mamlaka yake, lakini chakula cha nyumba fulani kilikuwa cha nyumba hiyo. Kanuni ilikuwa kali zaidi katika mahari. Ng'ombe walioletwa kwa ajili ya binti wa nyumba moja walitengewa mwana wa kiume wa nyumba iyo hiyo, ili naye aoe. Baba aliyewachukua akamwozea mwana wa nyumba nyingine alihesabiwa kuwa nyumba hiyo ina deni, na deni hilo lilikumbukwa hata baada ya yeye kufa. Wazee walikuwa tayari kuketi kitako kulisikiliza dai la namna hiyo.

Tazama basi maana yake. Baba alikuwa mkuu wa boma, aliheshimiwa na kutiiwa, lakini hakuwa na ruhusa ya kuchanganya mali. Alikuwa na chake, na alikuwa na cha kuwatunzia wengine. Hii ndiyo kanuni ambayo sheria ya makampuni huieleza kwa maneno mengi inapomkataza mkurugenzi kuigeuza mali ya kampuni kuwa yake au kuipa kampuni ya nduguye zabuni bila kutangaza uhusiano huo. Mzee wa Gusii asiyejua Kiingereza anaielewa kanuni hii vyema, mradi aelezwe kwa lugha ya enyomba na emonga. Kiwanda si emonga ya mkurugenzi.

Chukua pia risaga, ule utaratibu wa majirani kuitana kulima au kuvuna shamba la mmoja wao, kisha la mwingine. Nguvu yake ilikuwa katika uwazi. Kila mtu alimwona nani amefika na jembe na nani amekuja kula tu. Hakukuwa na haja ya mkaguzi, kwa sababu kazi ilifanyika mbele ya macho ya wote. Vyama vya akina mama vya kuchangiana fedha vimeurithi uwazi huo. Fedha huhesabiwa mbele ya wanachama, daftari husomwa kwa sauti, na mchelewaji hutozwa faini papo hapo. Akina mama wengi wasiopata kukaa katika bodi yoyote wanaijua kanuni hii ya usimamizi bora: hesabu isiyosomwa hadharani si hesabu.

Heshima na ukimya

Si kila desturi inasaidia, na ni lazima tuseme ukweli kuhusu ile iliyo na nguvu kuliko zote. Abagusii wana kanuni za heshima na haya ziitwazo chinsoni. Kizazi cha baba na kizazi cha mwana hutenganishwa na staha kubwa. Kuna maneno yasiyotamkwa na mambo yasiyotendwa mbele ya aliye katika kizazi cha baba yako, hata kama si baba aliyekuzaa. Kwa upande mwingine, babu na mjukuu hutaniana kwa uhuru.

Sasa mwite kijana wa miaka thelathini katika mkutano mkuu wa mwaka, umweke mkurugenzi wa kizazi cha babaye mbele yake, kisha umwambie sheria inamruhusu kuuliza swali lolote. Sheria inamruhusu, lakini haya inamzuia. Atanyamaza, na kumbukumbu za mkutano zitaandika kwamba hesabu ziliidhinishwa kwa kauli moja. Mgeni atakayezisoma atadhani wakulima wameridhika.

Dawa si kumfundisha kijana utovu wa adabu. Dawa ni kupanga mkutano kwa namna ambayo swali halina uso. Maswali yakusanywe kwa maandishi katika vituo vya kununulia majani wiki mbili kabla ya mkutano, yasomwe na mtu asiye mjumbe wa bodi, na yajibiwe moja baada ya jingine. Hivyo heshima hulindwa na jibu hupatikana. Mabadiliko madogo kama haya hayahitaji Bunge.

Kuna ukimya mwingine ulio mkubwa zaidi, nao ni wa wanawake. Katika mashamba mengi mikono inayochuma majani ni ya mke, lakini nambari ya mkulima ni ya mume, kwa kuwa shamba limeandikishwa kwa jina lake. Mwenye nambari ndiye mwenye hisa, ndiye mpiga kura, na ndiye mwenye kupokea bonasi. Kwa njia hii desturi ya urithi wa ardhi huamua ni nani atakuwa mwenye hisa hata kabla ya kampuni kuanza kazi. Mume akifariki, mjane hulazimika kuthibitisha haki yake mbele ya wakwe na maofisa kabla ya kuguswa na senti ya majani anayochuma mwenyewe. Katiba ya mwaka 2010 imewapa wanandoa haki sawa, lakini sajili ya kiwanda haibadiliki kwa Katiba kuwepo. Itabadilika iwapo bodi zitahimiza mke na mume waandikishwe pamoja. Bodi inayochaguliwa na wachumaji itakuwa na sababu ya kuwasikiliza wachumaji.

Makanisa nayo yana nafasi yake. Wakatoliki walifungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wa Sabato wakajijenga Nyanchwa katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo. Wakulima wengi walijifunza kwanza kanisani kazi za mwenyekiti, katibu na mtunza hazina. Hata kalenda ya ushirika haina budi kuliheshimu kanisa: ukiitisha mkutano mkuu Jumamosi katika eneo lenye Waadventista wengi, umewafungia nje maelfu ya wenye hisa bila kuvunja kifungu chochote cha sheria.

Funzo la jirani na la pareto

Historia inaonyesha kinachotokea pale jamii inaponyang'anywa mlango wa kuingilia. Tanzania ilikuwa na chama mashuhuri cha wakulima wa kahawa, KNCU cha Kilimanjaro, kilichoundwa mwaka 1933. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika na kuyapa mashirika ya umma kazi yao. Mwaka 1982 sheria mpya ilivirejesha, kwa kuwa mashirika hayo yalikuwa mbali na mkulima na hayakuwa na aliyemwogopa kijijini.

Wazee wa Kisii na Nyamira hawana haja ya kwenda Moshi kulisoma somo hilo. Walikuwa na pareto. Ua lile jeupe lilisomesha watoto wengi wa nyanda za juu. Mnunuzi alikuwa Halmashauri ya Pareto, yenye makao yake Nakuru. Malipo yalipochelewa, kisha yakachelewa zaidi, mkulima hakuwa na mkurugenzi wa kumwuliza kanisani wala mjomba wa kumwaibisha harusini. Alilokuwa nalo ni kung'oa. Zao likaporomoka, na ukiritimba wa halmashauri ulikuja kuondolewa kwa Sheria ya Pareto ya mwaka 2013, wakati wakulima wengi walikuwa wameshapanda vitu vingine.

Kwa upande wa pili, kuiachia jamii kila kitu bila uangalizi wowote kuna hatari yake. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997 iliondoa mkono wa serikali kwa ghafla. Katika sehemu nyingi za nchi, vyama vya kahawa vilivyokuwa vikubwa viligawanyika, kila kundi likitaka kiwanda chake cha kumenyea kahawa kwenye mto wake. Mgawanyiko ulihubiriwa kwa jina la haki, lakini mara nyingi matokeo yalikuwa ni kamati mbili, mameneja wawili na madeni yale yale yakigawiwa kilo chache zaidi. Serikali ililazimika kuirekebisha sheria hiyo mwaka 2004 ili kurudisha sehemu ya uangalizi. Mafunzo haya mawili yanakamilishana. Pareto ilikosa jicho la jamii, na kahawa ikakosa jicho la sheria.

Walimu, zamu ni yenu

Msomaji ambaye ni mwalimu huenda anafikiri kuwa haya ni mambo ya wenye michai. La. Mwalimu wa Kisii au Nyamira ni mwenye mali katika taasisi nyingine yenye maswali yale yale: chama cha akiba na mikopo. Hisa zake hukatwa katika mshahara kabla haujamfikia. Chama chake huongozwa na wajumbe waliochaguliwa kwa maeneo, na maeneo, kama tulivyoona, ni nasaba.

Chama cha akiba ni ushahidi kuwa taasisi ya jamii yaweza kuwa nguzo ya fedha. Mkopo wa mwalimu haudhaminiwi na hati ya shamba pekee, bali na wenzake wanaotia sahihi. Wadhamini hao wanamjua mkopaji, wanaketi naye chumba kimoja, na akikimbia deni watakatwa wao. Huu ni utaratibu wa risaga ulioingizwa katika daftari: aibu na hesabu zikifanya kazi pamoja. Sheria ya Vyama vya Akiba na Mikopo ya mwaka 2008, iliyoleta msimamizi wa kitaifa wa vyama vinavyopokea amana, haikuuvunja utaratibu huo. Iliuongezea mtaji wa lazima, ukaguzi na leseni. Hivyo ndivyo sheria na desturi zinavyopaswa kukaa, kila moja ikifunika udhaifu wa mwenzake.

Lakini utaratibu huu unaomlinda mkopaji mdogo haujafika juu. Mwalimu anayekataa kumdhamini mwenzake asiyeaminika atampigia kura mjumbe asiyeaminika kwa sababu ni wa kwao. Kwa nini tunakuwa wakali kwa mkopo wa elfu hamsini na wapole kwa bodi inayoshika mamilioni? Sababu ni kwamba hasara ya mkopo tunaiona katika mshahara wetu, ilhali hasara ya bodi hugawanywa kwa watu wengi hata kila mmoja hudhani si yake.

Mwalimu ana uwezo ambao wakulima wengi hawana. Anaweza kuisoma taarifa ya hesabu. Anaweza kuieleza kwa Ekegusii au Kiswahili kwa wazazi wa wanafunzi wake. Mwanafunzi wa biashara wa kidato cha nne anayekariri mizania ya kampuni ya kubuni angefaidika zaidi akiletewa taarifa ya kiwanda ambacho mamaye hukipelekea majani. Aulizwe: kilo ngapi zililetwa mwaka huu na mwaka uliopita? Gharama ya kutengeneza kilo moja ya chai ni kiasi gani, na imepanda kwa nini? Deni la kiwanda ni la nini na litakwisha lini? Wakurugenzi walilipwa posho kiasi gani, na kwa vikao vingapi? Nani aliuza kuni, na ni nani wake?

Swali la mwisho ndilo zito. Hakuna dhambi kwa mkurugenzi kuwa na ndugu. Hata ndugu kuuza kuni si dhambi, iwapo zabuni ilitangazwa, bei ni ya soko, na uhusiano uliandikwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuuona. Dhambi ni kuficha. Ukoo una haki ya kumpendekeza mtu wake, kwa kuwa unamjua. Baada ya hapo kazi ya ukoo yapasa kugeuka: usiwe tena wa kudai vyeo, uwe wa kwanza kuona haya mtu wao anapokula ng'ombe wa nyumba nyingine.

Wakati bonasi ijayo itakapotangazwa, malalamiko yatasikika tena, na huenda yakawa ya haki. Lakini mkurugenzi hawi mtu wa ukoo wala wa wakulima kwa sababu ya kura pekee. Anakuwa mtu wa yule anayemwuliza hesabu. Kwa muda mrefu aliyemwuliza amekuwa ni jamaa anayetaka kazi au zabuni, ilhali mwenye majani amenyamaza kwa haya. Mwenye majani akianza kuuliza, kwa maandishi, kwa adabu na kila mwaka, bodi itamjua bwana wake.